Mshono wa Lango la Itundu

Haya nimeyapata kwa Otilia mwenyewe, binti wa marehemu dada yangu, mwaka jana mwezi wa saba, tulipokuwa tunapukuchua mahindi uani kwangu. Siku tatu tulipukuchua na siku tatu alisimulia, na wanaomjua Otilia wanajua kwamba si mtu wa maneno mengi. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo kila alipoingia kwenye mambo ya mitambo nilimwambia, "Rudia, mwanangu, kwa lugha ya jikoni," naye akarudia. Nayaandika kama nilivyoyaelewa. Aliyesoma kunizidi anisahihishe taratibu.

1

Otilia alikuwa Mtunza Vipande wa Nyumba ya Mwale, maabara ya kupimia vyuma kule juu Itundu. Kazi hiyo ukiisikia ni ndogo. Kabati lina droo mia nne, kila droo ina vipande vya chuma, kila kipande kina jina lake. Kuna vya madaraja, vya reli, vya lifti za hospitali, vya mitungi ya gesi. Alikulia kwa mama aliyetunza mbegu, na dada yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hachanganyi mbegu ya shamba la juu na ya bondeni hata kwa kushikiwa panga. Otilia alitoka vivyo hivyo. Ndiyo maana kazi ile walimpa yeye, wakawaacha wenye vyeti virefu.

Asubuhi hiyo, mwaka wa tatu wa ukame, alikuwa anavuta droo iliyokwama. Akavuta, ikagoma. Akaweka mguu kwenye kabati, akavuta tena, ikatoka yote, na nyuma yake ikaanguka bahasha ndogo isiyozidi kiberiti, imefungwa kwa lakiri nyekundu. Lakiri haijavunjwa. Juu imeandikwa: LANGO LA ITUNDU. MSHONO. Na pembeni, kuonyesha nani aliipokea, herufi mbili kwa mwandiko wake mwenyewe, O.M.

Otilia akakaa chini sakafuni, bahasha mkononi.

Hapa itabidi nisimame kidogo, maana asiyejua kazi ya vipande hataelewa kwa nini mwanamke mzima akae sakafuni kwa ajili ya bahasha.

Chuma, alivyonieleza, ndani yake kimepangwa safu safu, kama mahindi ya mkulima anayepanda kwa kamba. Kikivutwa, safu zinaachana. Kikibanwa, zinasogeleana. Kuachana kwenyewe ni kudogo mno, hakuna jicho litakaloona. Lakini tanuri la atomi linatoa chembe ziitwazo nyutroni, na chembe hizo hazina habari na chuma. Zinapenya bamba nene kama jua linavyopenya kanga. Baadhi zikizigonga zile safu zinatawanyika, na kwa pembe zinazotawanyikia mtambo unasoma nafasi iliyopo kati ya safu na safu, ndani kabisa, bila kukata wala kutoboa.

Sasa, kusoma nafasi peke yake hakukusaidii. Utajuaje kwamba safu zimeachana kama hujui zilivyokaa kabla hazijavutwa? Kwa hiyo kinakatwa kipande kidogo cha chuma kilekile, kinachanwa meno meno kama kitana ili kisibaki na kitu cha kukivuta, na hicho ndicho kipande cha utulivu. Unakipima kwanza chenyewe, ndipo unajua chuma kikubwa kimeumia kiasi gani. Na lango la bwawa lina vyuma viwili. Kuna bamba, na kuna mshono, pale mchomeleaji alipoyeyusha uzi wa chuma kingine kuunganisha bamba na bamba. Kila kimoja kina utulivu wake. Ukiupima mshono kwa kipande cha bamba ni kama kumpima mtoto kliniki kwa kadi ya mtoto wa jirani. Utaambiwa anaendelea vizuri, kumbe amebaki mifupa.

Miaka mitatu nyuma, bwawa lilipomalizika, Nyumba ilipeleka langoni mtambo wake wa kubebwa kwenye lori, ule waliouita Kifaru. Siku tisa Kifaru kilitazama mshono. Kipande cha utulivu cha bamba kilikuwapo, cha mshono kilichelewa kwa mchomeleaji. Wakaambizana, tumia cha bamba kwa sasa, cha mshono kikifika tutarekebisha. Kikafika. Kilifika siku ambayo maji yalianza kupanda ziwani, na Nyumba nzima ilikuwa inapanda magari kwenda kushangilia. Otilia alikipokea, akaandika herufi zake mbili, akakitupia drooni, akakimbilia gari.

"Nilikuwa nimevaa gauni jipya," aliniambia, gunzi mkononi. "La bluu. Hilo ndilo ninalolikumbuka, mama mdogo. Gauni."

2

Dokta Chengula, mkuu wa Nyumba, alikuwa na miaka sitini na ushei, kikohozi cha asubuhi, na mdomo usiojua kunyamaza. Kwa miaka yote alimwita Otilia "mama mbegu". Alipoiona bahasha hakumwita chochote. Alisema tu, "Vaa glavu ukitoe. Kiingie kwenye mwale sasa hivi."

Kikaingia saa mbili asubuhi, kikatoka saa saba. Kikapelekwa chumba cha kupoa, maana kitu kilichopitiwa na nyutroni kinabaki na moto ambao mkono hausikii, na wajinga wa zamani waliushika wakajuta. Kisha wakafungua namba za Kifaru za miaka mitatu iliyopita, wakaziweka kando ya namba mpya.

Sheria iliruhusu mshono uvutwe mpaka arobaini kwa mia ya nguvu yake. Cheti alichotoa Otilia baada ya kazi ya Kifaru kilikuwa kimesema kumi na mbili.

"Tisini na moja," alisema Otilia.

"Nimeona."

"Rudia hesabu, Dokta."

"Nimerudia mara tatu ukiwa unafunga mlango."

Nje mitambo ya kupoza tanuri ilikuwa inanguruma kwa sauti ya chini, kwa sababu hata maji ya kupoza yalikuwa ya mgao.

Nieleze na hili. Zamani lilianguka daraja la Mbakwe na treni ya abiria juu yake, na baadaye ikajulikana kwamba fundi mmoja aliujua ubovu miezi mitano kabla. Aliwaambia wakubwa, wakubwa wakasema polepole. Waliobaki wakazika, kisha wakaandika Sheria ya Utulivu, na katika sheria hiyo hawakuliweka neno polepole hata mara moja. Mtunza Vipande akiweka dole gumba kwenye kibao na kutamka kwamba chuma hakijatulia, mitambo inatii yenyewe saa ileile. Daraja linajifunga. Lifti inakaa chini. Na bwawa linafungua milango yake ya chini kabisa mpaka libaki tope. Waziri hawezi kuzuia, wala anayemteua waziri. Dole hilo likishawekwa halifutiki.

Chini ya lango la Itundu kuna kijiji cha Lwiva, watu elfu moja na mia moja, na vinyungu vyao, zile bustani za bondeni kando ya mto. Juu yake ni mji wa Itundu, watu elfu arobaini, nao walikuwa wanakunywa ziwa lile na hawakuwa na lingine. Visima vilikauka mwaka wa kwanza, vijito mwaka wa pili. Mvua, kwa wale wanaojua kuzisoma, ilikuwa bado siku themanini.

"Limeshika miaka mitatu," alisema Chengula.

"Ndiyo."

"Linaweza kushika siku themanini."

"Linaweza pia kukatika tukiwa bado tunaongea."

"Otilia, nisikilize kama mtu, usinisikilize kama mtaalamu. Nina wajukuu watano mji huu. Wa mwisho hata kutambaa hajaanza. Ukifungua lile ziwa leo, kesho kutwa wanakunywa nini?"

"Na Lwiva hakuna wajukuu?"

Chengula akakohoa mpaka macho yakamtoka machozi. "Wapo," akasema. "Wapo, tena wengi. Sijasema hawapo."

"Tuseme Lwiva wakihama. Nusu mwaka tu. Ziwa libaki, watu wasiwepo chini yake."

"Hao wahame? Waliapa kwa makaburi kwamba hawahami tena."

"Nitakwenda kuwaomba."

"Nenda," alisema mzee. "Mimi nitakaa hapa na namba hii. Haiwezi kuniuma zaidi ya ilivyoniuma."

3

Mwenyekiti wa Lwiva alikuwa Bi Nuswe Kilasi, mjane, mwembamba kama mpini. Otilia alimkuta kwenye kinyungu chake anapalilia maharage, na nyuma yake, juu, kuta za bwawa zimesimama zinaziba nusu ya mbingu. Otilia aliniambia hajawahi kulitazama lango kutoka chini. Miaka yote alilijua kwa namba.

"Mtu wa mjini kushuka huku bila kipaza sauti," alisema Bi Nuswe bila kuinuka, "basi amekufa mtu au anataka kitu."

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba. Unataka kitu."

"Naomba mhame. Mpaka mvua zishike na lango litengenezwe. Mkapige kambi kule mlimani, Nyumba itawaleteeni mahema."

Wanawake wa vinyungu vya jirani waliinua vichwa. Mmoja akacheka kwa sauti. Bi Nuswe akajinyoosha, akashika kiuno.

"Mara ya kwanza tulihamishwa kupisha ziwa. Mama yangu yuko chini ya maji yenu, na nikitaka kumwekea maua nikodi mtumbwi. Mara ya pili tukahamishwa kupisha nyaya za umeme, na umeme wenyewe tunauona ukipita juu kama ndege. Hii ya tatu tunapisha nini?"

"Chuma cha lango kimechoka, mama."

"Hata mimi nimechoka! Goti hili unajua la mwaka gani? Mbona huo mwale hamniletei mimi?"

"Mleteeni na mume wangu!" alidakia yule aliyecheka. "Yule ana ufa kabisa!"

Kicheko kikazunguka vinyungu vyote. Otilia alisimama katikati yake na viatu vyake vya ofisini vimezama matopeni. Hakukasirika. Alisema alitamani waendelee kucheka, kwa sababu wangenyamaza ingebidi aseme.

Wakanyamaza.

"Lango likikatika," alisema, "maji yanafika hapa kabla hamjamaliza kuitana majina."

Bi Nuswe akaweka jembe chini. Kisha akamshika mkono, kama unavyomshika mtoto aliyepotea sokoni, akampeleka mpaka ofisi ya kijiji. Ndani mna meza moja, benchi moja, na ukutani, kwenye fremu ya kioo iliyofutwa vizuri, karatasi moja.

"Soma. Miwani nimeacha nyumbani."

"Lango la Itundu," alisoma Otilia. "Chuma kimetulia."

"Na chini?"

"Otilia Mhongole, Mtunza Vipande."

"Ndiye wewe, au una pacha?"

"Ndiye mimi."

"Basi sikia. Walipoanza kujaza ziwa, nusu ya kijiji ilikuwa imefunga mizigo. Mimi ndiye niliyewafungua. Nikawaambia, huyu mama hataki kura, hauzi kitu, kazi yake ni kutazama chuma. Akisema kimetulia, kimetulia. Watoto wa shule wanaletwa hapa kuisoma. Kuna mwanamke amemwita binti yake jina lako. Sasa nikawaambie nini?"

"Kwamba nilikosea. Nilipima mshono kwa kipande kisicho chake."

Bi Nuswe akafuta kioo kwa ncha ya kanga, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Mtu akikosea mara ya kwanza," alisema, "mimi nitajuaje kwamba mara ya pili hajakosea?"

Otilia alikuwa na jibu. Alikuwa na namba, na pembe, na saa tano za mwale. Aliangalia sura ya yule mama akaona kwamba majibu hayo yote yalikwisha tumika, yako pale ukutani ndani ya fremu.

"Sisi hatuhami," alisema Bi Nuswe. "Kama una uhakika, fungua maji yako. Kama huna, tuache tupalilie."

4

Alirudi Nyumba saa tisa na nusu. Chengula alikuwa palepale alipomwacha, chai imepoa mbele yake.

"Wamekataa," alisema mzee, kabla hajaambiwa.

"Wamekataa."

"Basi nipe siku tatu. Siku tatu tu, Otilia. Sikuombi themanini. Tupite mtaa kwa mtaa, watu wajaze mapipa, wajaze sufuria, wajaze hata mabeseni ya kuogea. Ukishaweka dole, bomba la mji liko juu ziwani, litakauka jioni ileile. Siku tatu."

Hapo, wasomaji wangu, ndipo penyewe. Mimi nilisimamisha mkono nikamuuliza Otilia, "Kwa nini hukumpa?" Akamaliza punje za gunzi zima, ndipo akanijibu.

Alikuwa amesimama mbele ya kibao. Watu elfu arobaini wa Itundu aliwajua kwa sura: muuza nyanya, padri, fundi wake wa viatu, mtoto wa jirani anayemsalimia kwa kuruka. Wa Lwiva alimjua mmoja mwenye goti bovu, na mwingine ambaye mume wake ana ufa. Akapima. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua, kupima, na siku hiyo hakuwa na kipande cha utulivu cha kupimia. Siku tatu si nyingi. Lakini alijitazama ndani akaona kwamba akiweza kungoja ya kwanza ataweza kungoja na ya pili, na ya nne ataipatia sababu, na ya arobaini itajiletea sababu yenyewe. Yule fundi wa Mbakwe alianza na siku tatu. Hakuna anayeanza na miezi mitano.

"Ni polepole ileile, Dokta," alisema.

"Si ileile. Unajua si ileile."

"Sijui."

"Otilia. Mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Na watu?" alisema Otilia.

Akaweka dole. Akatamka. Kibao kikawa chekundu, na mbali, upande wa ziwa, ving'ora vikaanza kulia vyote kwa pamoja. Ilikuwa saa kumi kasoro.

Milango ya chini ilifunguka, na maji yakatoka kwa kishindo kilichotikisa vioo vya Nyumba. Mto Lwiva ukajaa mpaka ukingoni kisha ukapita ukingo. Watu wa Lwiva walikimbilia mlimani na mbuzi na magodoro, hakufa hata mmoja, lakini vinyungu vyote vilikwenda, maharage, viazi, na udongo wenyewe mweusi ambao waliujenga kwa samadi miaka mingi. Bi Nuswe alisimama juu ya jiwe akitazama. Walimsikia akisema, "Ameleta mwenyewe mafuriko aliyotutishia."

Kufikia saa mbili usiku ule bomba la Itundu lilikuwa linakohoa hewa.

5

Sitayaeleza yote ya wiki zile. Waliokuwepo wanayajua, na wasiokuwepo hawatanisadiki. Siku ya kwanza watu walishuka ziwani na ndoo wakachota kilichobaki. Siku ya nne walikuwa wanachota tope na kulichuja kwa kanga. Serikali ilileta magari ya maji, matano kwa watu elfu arobaini, na barabara ni ile mnayoijua. Wiki ya pili ukaingia ugonjwa wa tumbo. Ulianza na watoto, kama kawaida yake. Wiki ya sita, majina yaliyosomwa kanisani na msikitini yalikuwa mia mbili na kumi na saba.

Walimchomea Otilia mlango wa nyumba. Hawakuchoma nyumba yote, maji ya kuzima hayakuwepo na wao wenyewe waliogopa moto usije ukashika mtaa.

Wiki hiyo ya sita mafundi walimaliza kuukata mshono wa lango. Chengula alikiomba kipande, akakileta kwenye Baraza la Mji juu ya toroli, akakiweka mezani mbele ya madiwani. Bamba lilikuwa na unene wa vidole sita. Ufa ulikuwa umetoka upande wa maji, ndani ya mshono, ukala vidole vitano. Kilichobaki kilikuwa kidole kimoja, na kidole hicho ndicho kilichokuwa kimezuia ziwa zima.

Otilia alikuwa amekaa nyuma, benchi la wananchi, na pande zote mbili za benchi zilikuwa tupu.

"Wangekufa wote wa Lwiva," alisema Chengula. "Wote. Usiku au mchana, wiki hii au ile. Tazameni wenyewe."

Diwani mmoja, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akainama akakichunguza kile kipande.

"Kwa hiyo, Dokta, siku lilipofunguliwa ziwa, lango lilikuwa halijakatika?"

"Lilikuwa bado."

"Lilikuwa limeshika."

Chengula akaweka kiganja juu ya kile chuma. "Lilikuwa limeshika, mheshimiwa," alisema.

"Katibu, andika hivyo. Lango lilikuwa limeshika."

Katibu akaandika. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Nami namwelewa kila mmoja wao, kwa sababu mafuriko ambayo hayakuja hayana kaburi la kuonyesha, na yale makaburi mia mbili na kumi na saba unaweza kwenda kuyashika udongo. Moja lilikuwa la mjukuu wa mwisho wa Chengula. Alikuwa amemzika juzi yake, na bado alikisukuma kile chuma kwa toroli mpaka pale, mwenyewe, akikohoa.

Alipopita karibu na benchi la nyuma hakusimama. Alisema tu, huku anatazama mlango, "Namba yako ilikuwa sahihi, mama mbegu."

6

Foleni ya maji ilikuwa inaanza alfajiri, na gari lilikuwa linafika saa linapotaka. Watu wa Itundu wakawa wamejitungia utaratibu wao. Kila mtu alikuja na kamba. Unafunga ncha moja kwenye mpini wa ndoo iliyo mbele yako na ncha nyingine kwenye kifundo chako cha mkono, halafu unakaa juu ya ndoo yako na kulala. Foleni ikisogea, mkono unavutwa, unaamka. Hivyo hakuna aliyerukwa na hakuna aliyepoteza nafasi, na mtaa mzima wa watu ulilala mchana ukiwa umefungana kama mbuzi wa mnada.

Siku moja Otilia alifika asubuhi na ndoo moja. Akafunga kamba yake kwenye ndoo ya mzee aliyekuwa wa mwisho. Mzee alimtambua, akafumba macho, akajifanya hakuona. Waliokuja baada ya Otilia walimtambua pia, nao wakaenda kuanza foleni nyingine upande wa pili wa barabara, ingawa ile ilikuwa haitambuliwi na gari. Nyuma yake pakabaki wazi.

Karibu saa sita akaja mwanamke na ndoo ya njano. Jirani zake walimwita Mama Leokadia. Akatazama foleni ya kule, akaitazama hii, akahesabu vichwa kwa midomo, akaja kuisimamisha ndoo yake nyuma ya Otilia.

"Ndiye wewe wa dole gumba?"

"Ndiye mimi."

"Leokadia wangu alikuwa na miaka minne."

Otilia hakusema pole. Aliniambia neno hilo liliona aibu kutoka.

"Nasikia yule mzee alikuomba siku tatu. Tungejaza ndoo. Mimi nilikuwa na pipa jipya kabisa, tupu, liko jikoni. Ni kweli alikuomba?"

"Ni kweli."

"Na ukakataa."

"Nilikataa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kwamba nikingoja siku moja, nitaweza kungoja zote."

Mama Leokadia akalifikiria hilo. Jua lilikuwa utosini, na foleni yote ya mbele, watu mia tatu na zaidi, walikuwa wamelala vichwa vimeinama.

"Hilo si jibu," alisema.

"Najua."

"Ulikuwa unajiogopa wewe. Mwanangu hakuwa na habari na hofu zako."

"Najua, mama."

Mwanamke akatoa kamba yake mfukoni mwa gauni. Akaitazama, akaizungusha vidoleni. Kisha akainama, akafunga ncha moja kwenye mpini wa ndoo ya Otilia, mafundo mawili, akayavuta kuona kama yameshika. Ncha ya pili akajifunga mkononi.

"Usifikiri nimekusamehe," alisema. "Foleni ni foleni."

"Sifikiri."

"Na ukisogea bila kunivuta utanijua."

"Nitakuvuta."

Akakaa juu ya ndoo yake ya njano, akavuta kanga usoni. Akahangaika kidogo, akabadilisha mguu, akaguna. Halafu pumzi zake zikawa ndefu. Kila alipopumua kamba ilivutika kidogo, ikatikisa mpini wa ndoo, mpini ukamgusa Otilia paja, kwa uzito mdogo ambao hakuna mtambo ungejisumbua kuupima.

Otilia hakuwa amelala usingizi wa kueleweka tangu siku ya kibao. Alikaa akiisikiliza ile kamba kwa nyuma, na ile yake kwa mbele ilivyolegea kwa yule mzee. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu mpaka konani, na gari halikuonekana. Akajaribu kubaki macho, ili amvute mwenzake kwa wakati. Kichwa kikainama, akakiinua. Kikainama tena. Mara ya tatu hakukiinua, na kwenye foleni ile hapakubaki mtu aliye macho.